GFDL, CC BY-SA, GPL au NC? Leseni ya mwongozo inayopita mlango wa Debian

Tuseme umemaliza kuandika mwongozo wa Kiswahili wa programu huria fulani. Kurasa themanini, picha za skrini zimo, na mwalimu wa kompyuta kule Likoni ameusoma akasema wanafunzi wake wataumudu. Limebaki jambo moja ambalo wengi hulimaliza kwa kubahatisha, au kwa kunakili walichokiona kwenye kitabu cha mwingine: leseni.

Ukiuacha bila leseni, sheria itajibu kwa niaba yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakulinda tangu unapoandika, uwe umejisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, au hukujisajili, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kwa hiyo yule mwalimu wa Likoni, pamoja na kuusifu kwake, hana ruhusa ya kuurekebisha, kuuchapisha upya wala kuuza nakala. Na hakuna mradi wa programu huria utakaothubutu kuubeba.

Kuweka leseni isiyofaa nako kuna hasara yake, na mfano bora haukutoka kwa wanagenzi. Weka Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa familia ya Linux, kwenye kompyuta, kisha weka Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Programu itafunguka na kufanya kazi vizuri. Sasa shikilia Ctrl ubonyeze h, uachilie, ubonyeze r, vitufe ambavyo kwa kawaida hukufungulia mwongozo wa Emacs. Mwongozo wenyewe huupati. Umewekwa kando katika kifurushi kiitwacho emacs-common-non-dfsg, ndani ya eneo la non-free, yaani la visivyo huria, ambalo Debian wenyewe wanasema si sehemu ya Debian. Programu na kitabu vyote ni vya mradi wa GNU, watu ambao ni vigumu kumpata anayewashinda kwa ukali katika suala la uhuru wa programu. Programu ilipita mlangoni, kitabu kikabaki nje.

Mwenye intaneti nyumbani ataona huu ni usumbufu wa dakika moja: anaongeza neno kwenye orodha ya vyanzo, anapakua, basi. Lakini maabara nyingi za shule zetu hazipati mfumo kwa njia hiyo. Fundi huja na flashi, huweka mfumo mashine baada ya mashine, kisha huyo anarudi mjini na feri. Kilichomo kwenye flashi ndicho kitakachosomwa muhula mzima. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, diski rasmi zinabeba firmware, programu ndogo za kuendeshea vifaa, zisizo huria ili kadi za Wi-Fi na vifaa vingine vifanye kazi, ila ruhusa hiyo haikuhusu vitabu. Mwongozo uliokwama non-free hautaonekana Msambweni wala Mariakani.

Kipimo kinachotumika

Debian hupima kila kazi kwa miongozo yake ya programu huria, DFSG, iliyopitishwa mwaka 1997. Ina vipengele kumi, na ndiyo iliyozaa ufafanuzi wa chanzo wazi unaotumiwa na Open Source Initiative. Kwa mwandishi wa mwongozo, vinavyouma ni vinne: yeyote aweze kuugawa au kuuuza, chanzo kipatikane, kazi iweze kubadilishwa na toleo lililobadilishwa ligawiwe kwa masharti yaleyale, na asibaguliwe mtu wala shughuli yake.

Swali la kwanza lililowagawa watu lilikuwa kama kitabu ni programu. Wapo waliosema miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya msimbo, si kwa ajili ya maelezo. Mwaka 2004 wanachama wa Debian walipiga kura wakarekebisha maneno ya mkataba wao wa kijamii, ikawa wazi kwamba ahadi ya uhuru inahusu kila kilichomo ndani: msimbo, picha, fonti, miongozo. Utekelezaji ukaahirishwa mpaka toleo la Sarge litoke, nalo likatoka Juni 2005. Mimi naona walikuwa sahihi. Fungua faili lolote la programu ya kisasa uone jinsi maelezo yalivyokaa katikati ya mistari ya msimbo, na jinsi kurasa za msaada zinavyotengenezwa kwa kuyachota maelezo hayo. Mpaka kati ya viwili hivyo unaujua leo, kesho mtu anahamisha aya moja kutoka huku kwenda kule na mpaka umefutika.

Free Software Foundation, shirika lililo nyuma ya mradi wa GNU, wana mtazamo mwingine. Kwao kitabu kinachofundisha lazima kiwe huria katika sehemu yake inayofundisha, lakini maoni ya mwandishi yanaweza kulindwa yasibadilishwe. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, nao hawana tatizo na GFDL, leseni ya nyaraka ya GNU, kwenye nyaraka. Kwa hiyo ukisikia leseni fulani ni huria, uliza kwanza ni huria kwa kipimo cha nani. Katika ulinganisho huu ninatumia kipimo cha Debian kwa sababu rahisi: ndicho kigumu zaidi, na mifumo inayotumika sana mitaani kwetu, Ubuntu na Linux Mint, huchota humo.

GFDL: leseni iliyoandikwa kwa ajili ya wachapishaji wa vitabu

GFDL ni leseni ya nyaraka ya mradi wa GNU. Toleo la 1.1 lilitoka mwaka 2000, la 1.2 mwaka 2002, na la 1.3, ambalo ndilo la sasa, Novemba 2008. Ilitungwa ikimfikiria mchapishaji wa karatasi, na ukiisoma unamwona mtu huyo kila kifungu: jalada la mbele, jalada la nyuma, ukurasa wa jina, mwaka, mchapishaji.

Kinachoileta mashakani ni ruhusa inayompa mwandishi ya kutaja sehemu zisizobadilika. Hizi ni kurasa ambazo kila atakayekirithi kitabu lazima azibebe kama zilivyo, neno kwa neno. Leseni inadai ziwe za pembeni, yaani zieleze msimamo au uhusiano wa mwandishi na mada, zisiwe ndiyo mada yenyewe. Katika mwongozo wa Emacs mojawapo ni Ilani ya GNU. Pamoja na hizo kuna maneno ya jalada, ya mbele yasiyozidi 5 na ya nyuma yasiyozidi 25, nayo pia hayaguswi.

Fundi cherehani akishona gauni kwa leso, jina la leso lisilomfaa mteja hulikata akalitupa. Sehemu isiyobadilika ni jina ambalo mkasi umekatazwa kulifikia, hata kama kilichobaki cha leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa mtu wa kawaida. Unataka kurasa tatu tu kutoka mwongozo wa mamia ya kurasa, utengeneze karatasi moja ya kubandika ukutani kwenye saiba. Sehemu zote zisizobadilika zinakuja nazo. Karatasi ya ukutani inageuka kijitabu cha siasa za programu, ambazo mimi binafsi naziunga mkono, lakini mteja aliyekuja kujaza fomu za serikali hakuja kwa ajili hiyo.

Sisi tunaotafsiri inatugusa zaidi. GFDL inahesabu tafsiri kuwa aina ya mabadiliko, kwa hiyo unaruhusiwa kutafsiri mwongozo wote bila kumwomba mtu. Isipokuwa zile sehemu. Kuziondoa na kuweka tafsiri yake kunahitaji ruhusa maalumu ya wenye hakimiliki. Usipokuwa nayo, unaweza kuongeza tafsiri, ila asili ya Kiingereza ibaki palepale pembeni yake. Kitabu chako cha Kiswahili kitabeba kurasa za Kiingereza milele, na atakayekitafsiri kutoka kwako kwenda Kigiryama au Kitaita atazibeba vilevile. Leseni yenyewe pia lazima iwemo kwa Kiingereza hata ukiitafsiri, na ikitokea tofauti, maneno ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu.

Machi 2006 Debian walipiga kura kumaliza ubishi. Walichoamua ni hiki: kazi iliyotolewa kwa GFDL bila sehemu zozote zisizobadilika wala maneno ya jalada ni huria na inaingia, yenye hayo haiingii. Ndiyo maana hali halisi inawachanganya watu. Mwongozo wa GIMP uko kwa GFDL, haujafunga sehemu yoyote, na umo ndani ya Debian. Mwongozo wa Bash vivyo hivyo. Miongozo ya Emacs na GCC iko kwa GFDL ileile, lakini imefunga sehemu, na imo non-free. Jina la leseni peke yake halikuambii kitu. Lazima usome ule mstari wa chini ya taarifa ya hakimiliki unaosema kuna sehemu zisizobadilika au hakuna, kuna maneno ya jalada au hakuna.

Sasa chukua GFDL iliyo safi, isiyofunga chochote. Je, ni chaguo jema kwa mwandishi wa Mombasa? Inaingia Debian, sawa. Lakini mpelekee mwenye duka la fotokopi karibu na chuo kule Tudor, anayetaka kutoa nakala 150 awauzie wanafunzi mwanzo wa muhula. Kwanza maandishi kamili ya leseni yawemo ndani ya kila nakala, kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria ambazo mnunuzi analipia wino wake. Pili, amevuka nakala 100, na hapo kunaongezeka sharti: ama aambatanishe na kila nakala faili linaloweza kuhaririwa, ama aonyeshe anwani ya mtandaoni ambapo umma unaweza kulipakua faili hilo, nalo likae hapo angalau mwaka mmoja baada ya nakala ya mwisho kutoka mikononi mwake. PDF iliyotolewa na programu ya kuandikia haihesabiki. Leseni inataka kitu kama maandishi matupu, LaTeX, Texinfo au HTML rahisi. Akitaka kurekebisha sura moja ndipo kazi inapoanza kweli: abadilishe jina la kitabu au apate ruhusa ya kutumia la zamani, ataje angalau waandishi wakuu watano wa toleo lililotangulia kama wanafika idadi hiyo, atunze sehemu ya historia na aongeze ingizo lake.

Mwenye duka atakayeyatimiza hayo yote sijamwona. Ataacha kukichapisha, au atachapisha bila kujali, na wewe uliyetaka kumpa uhuru utakuwa umemgeuza mvunja sheria bila yeye kujua.

GFDL ina ubaya mwingine unaojitokeza baadaye. Haipatani na GPL, leseni ambayo programu nyingi za GNU hutumia. Huwezi kuchukua aya nzuri kutoka mwongozo wa GFDL ukaiweka kama ujumbe wa msaada ndani ya programu ya GPL, isipokuwa wewe ndiye mwenye hakimiliki ya vyote viwili. Hata GFDL yenyewe inashauri mifano ya msimbo iliyomo kitabuni itolewe pia kwa leseni ya programu huria. Ushauri mzuri, lakini unakuonyesha kwamba waandishi wa leseni waliliona tatizo.

CC BY-SA 4.0: ile ninayowashauri wengi

Creative Commons, shirika linaloandika leseni za kazi za ubunifu ambazo kwa kifupi huitwa CC, ilitoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. Matoleo ya mwanzo hayakuwaridhisha watu wa Debian, kwa hiyo ukikutana na picha au maandishi ya CC BY-SA 2.0 au 2.5, usidhani yanapita. Toleo la 3.0 la mwaka 2007 lilisafisha kasoro zilizokuwa zikilalamikiwa, likakubalika. La 4.0, la Novemba 2013, linakubalika pia, na limeandikwa litumike nchi yoyote bila kuhitaji nakala ya kila taifa. Kwa mtu wa Kenya hilo ni nafuu. Huhitaji kujiuliza kama maneno fulani yaliandikwa kwa ajili ya mahakama za Marekani.

Masharti yake ni machache: taja mwandishi (ndiyo BY), weka kiungo cha leseni, sema kama umebadilisha kitu, na toleo lako litoke kwa masharti hayohayo (ndiyo SA). Hakuna sehemu za kufunga. Hakuna hesabu ya nakala. Yule mwenye duka wa Tudor anachapisha 150 au 1,500, anauza kwa bei anayoiona inafaa, na mstari mmoja chini ya ukurasa wa pili unamtosha. Akikosea, kwa mfano akasahau jina lako, kisha akarekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue kosa, haki zake zinarudi zenyewe.

Nyingine ambayo watu huisahau: tangu Oktoba 2015, kazi ya CC BY-SA 4.0 inaweza kuingizwa katika kazi ya GPL toleo la 3. Ni njia ya upande mmoja, haurudi kutoka GPL kwenda CC, lakini ndiyo njia unayoihitaji, kwa sababu maelezo huelekea kwenye programu mara nyingi kuliko kinyume chake. Na Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, iko kwa CC BY-SA 4.0 tangu Juni 2023. Iliihama GFDL kama leseni yake kuu mwaka 2009, baada ya GFDL 1.3 kufungua mlango mahususi kwa ajili hiyo. Ensaiklopidia yenye maelfu ya waandishi kuona GFDL haiwafai ni ushahidi unaonitosha.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | GFDL 1.3 | CC BY-SA 4.0 |
|---|---|---|
| Kuingia Debian | Ndiyo, bila sehemu zisizobadilika wala maneno ya jalada | Ndiyo |
| Maandishi ya leseni | Yote yawemo kitabuni | Kiungo kinatosha |
| Zaidi ya nakala 100 za karatasi | Faili la kuharirika litolewe au likae mtandaoni | Hakuna la ziada |
| Kuhamia programu ya GPL 3 | Hapana | Ndiyo, upande mmoja |
| Kutafsiri | Ndiyo, ila sehemu zilizofungwa zibaki na asili yake | Ndiyo, yote |

Ina pengo moja. CC BY-SA haimlazimishi mtu kutoa faili la kuharirika. Unaweza kugawa PDF tupu na hujavunja kitu. Lakini Debian wanataka chanzo. Ukiwapelekea PDF peke yake, leseni itapita na kifurushi kitakataliwa. Kwa hiyo weka faili la ODT, Markdown au chochote ulichoandikia mahali pale ulipoweka PDF. Picha nazo: kama ulizichorea Inkscape, weka SVG zake, kwa sababu atakayetafsiri maneno yaliyo ndani ya mchoro hawezi kufanya kazi na picha iliyogandishwa.

Zile zenye NC na ND

Hizi ndizo zinazopendwa sana na waandishi wetu, na ndizo zinazoangusha miongozo mingi. Mtu anasoma "si kwa biashara", ndiyo NC, akajisikia salama: hakuna atakayemtajirikia. Nawaelewa. Umekesha usiku ukiandika, halafu mtu mwingine akiuze kitabu chako kwa shilingi mia tatu kando ya barabara ya Digo?

Lakini NC haipiti Debian, na sababu iko wazi. Vipengele viwili vya DFSG vinaikataa: kile kinachotaka kuuza kuruhusiwe, na kile kinachokataza kubagua shughuli. Anayeuza flashi zenye mifumo huria anafanya biashara. Chuo binafsi kinachotoza karo kinafanya biashara, au hakifanyi? Hapo ndipo fujo ilipo, maana hata mawakili hawakubaliani.

Suala la fotokopi lenyewe lilifika mahakamani Marekani. Kampuni ya Great Minds, iliyotoa vitabu vyake vya hisabati kwa CC BY-NC-SA 4.0, iliwashtaki FedEx Office kwa kutoza pesa walipowatolea shule nakala. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema duka lililotumwa na shule halijavunja leseni, kwa sababu mtumiaji ni shule na duka ni mkono wake tu. Kesi kama hiyo dhidi ya Office Depot ikaisha hivyohivyo mwaka 2019. Kwa hiyo mwalimu akienda mwenyewe dukani na kitabu cha NC, kwa mantiki hiyo hakuna tatizo. Duka likitoa nakala kwa hiari yake likazipanga mezani liuze, hilo ni jambo jingine. Tena mahakama ya Mombasa haifungwi na hukumu za huko. Ukitaka mwongozo wako ufike mahali ambapo wewe hutafika, yule mwenye meza ya nakala ndiye msambazaji wako, na NC inamfungia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Dawa ya hofu ya kuibiwa jasho iko ndani ya SA. Anayeuza kitabu chako lazima aseme ni chako, na kila mnunuzi anapata haki ya kukitoa nakala mwenyewe. Katika hali hiyo bei haiwezi kupanda sana, kwani jirani yake atatoa nakala auze kwa bei ya chini.

ND sina mengi ya kusema. Inakataza kugawa toleo lililobadilishwa, na tafsiri ni mabadiliko. Mwongozo wa ND hauwezi kusambazwa kwa Kiswahili, wala hauwezi kusahihishwa programu ikibadilisha menyu zake. Haifai kwa mwongozo wa programu hata kidogo.

GPL, yaani leseni ya programu yenyewe

Kuna njia ambayo waandishi wa vitabu huidharau ilhali watengenezaji wa programu huitumia kila siku: mwongozo uchukue leseni ileile ya programu. Kama programu iko kwa GPL na kitabu kiko kwa GPL, hakuna ukuta kati yao. Ujumbe wa kosa unakuwa aya ya kitabu, aya ya kitabu inakuwa maelezo ya kitufe. Inapita Debian bila swali, na inadai chanzo kwa maneno yake yenyewe: umbo la kazi linalofaa zaidi kuifanyia mabadiliko. Lile pengo la CC BY-SA halipo.

Taabu yake ni karatasi tena. GPL iliandikiwa msimbo. Ukiuza nakala iliyochapwa, unadaiwa utoe chanzo chake au ahadi ya maandishi ya kukitoa, ahadi ambayo katika GPL 3 hudumu angalau miaka mitatu. Mwenye duka wetu anarudi palepale alipokuwa na GFDL.

Waliolitatua hili vizuri ni wale waliotoa leseni mbili kwa pamoja, msomaji achague. Miongozo ya LibreOffice hutolewa kwa GPL 3 au CC BY 4.0, au matoleo ya baadaye ya hizo. Kitabu cha wasimamizi wa Debian, kilichoachiwa huru mwaka 2012 baada ya waandishi wake kuchangiwa na wasomaji, kiko kwa GPL 2 au zaidi, au CC BY-SA 3.0. Mtengenezaji wa programu anashika GPL, mchapishaji anashika CC, hakuna anayemzuia mwenzake. Kama mwongozo wako unakaa kwenye hazina moja na msimbo na unatarajia kuuchapa pia, fanya hivi. Ni mistari miwili tu kwenye ukurasa wa hakimiliki.

CC BY isiyo na SA, leseni fupi za mtindo wa MIT na BSD, ile ya nyaraka za FreeBSD, na CC0 inayoachilia haki zote: zote zinapita. Tofauti ni kwamba mtu anaweza kuchukua kazi yako, akaiboresha, akaifunga. Kwa karatasi ya ukurasa mmoja ya vitufe vya mkato, CC0 inafaa na haina usumbufu wa majina. Kwa kitabu kizima cha Kiswahili, lugha yenye miongozo michache kiasi hiki, mimi nisingekubali toleo lililoboreshwa lifungiwe mahali.

Kwa hiyo ipi?

Kitabu kinachojitegemea, kitakachochapwa, kutafsiriwa na kuuzwa madukani: CC BY-SA 4.0. Maelezo yanayosafiri ndani ya programu: leseni ya programu hiyo. Yote mawili: mbili kwa pamoja. GFDL nisingeichagua kwa kazi mpya, na ikiwa mradi unaojiunga nao tayari unaitumia, fuata wao lakini kataa kata kata kuongeza sehemu iliyofungwa, hata kama ni shukrani kwa mfadhili. Hasa kama ni shukrani kwa mfadhili: atataka nembo na maneno yake yasitolewe, na kurasa hizo mbili ndizo zitakazokitoa kitabu kizima nje ya Debian. Mwekee ukurasa wa kawaida, mwambie wasambazaji wengi wataubakiza kwa heshima, ila hawalazimiki.

Ukitafsiri, hapa huna la kuchagua. Leseni ya asili ndiyo inayotawala, kwa hiyo isome kabla ya kuanza sura ya kwanza, si baada ya kumaliza ya kumi na mbili. Ukikuta NC au ND, mwandikie mwandishi umwombe ruhusa au abadilishe leseni. Wengine hukubali, kwa sababu waliichagua bila kuitafakari. Kama kitabu kina waandishi wengi, kila mmoja aliyebakiwa na maandishi yake humo lazima akubali, na hiyo ndiyo sababu miradi mingi hushindwa kubadilisha baadaye.

Kwenye ukurasa wa hakimiliki andika jina lako, mwaka, jina la leseni na nambari ya toleo, na anwani ya leseni. Nambari usiiache. "CC BY-SA" bila 4.0 inamlazimu mtu wa Debian akuandikie barua pepe kuuliza, na kama umebadilisha anwani, kifurushi kinalala hapo. Kisha pitia picha moja moja. Picha ya skrini ya programu huria haina shida kubwa, ila kama nyuma yake kuna mandhari ya dawati uliyoipakua mahali usipopakumbuka, au ukurasa wa tovuti ya gazeti umefunguliwa kwenye kivinjari, ipige upya ukiwa na dawati tupu.